Ushuru wa Tumbaku na Vileo Nchini Ufilipino: Kutoka Ukiritimba wa Hispania hadi Bima ya Afya

Tumbaku na vileo ni bidhaa ambazo serikali nyingi zimezitoza kodi tangu zamani, na sababu yake ya kwanza haikuwa afya ya mvutaji wala ya mnywaji, bali wepesi wa kukusanya, kwa kuwa bidhaa hizo hutengenezwa na wachache, hununuliwa na wengi, na aliyezizoea haachi kuzinunua upesi hata bei ikipanda. Kodi ya namna hiyo huitwa ushuru wa bidhaa, yaani kodi inayotozwa bidhaa maalumu inapotoka kiwandani au inapoingia nchini, tofauti na kodi ya ongezeko la thamani, ambayo hutozwa karibu kila kinachouzwa. Wazo la kuupandisha ushuru huo kwa makusudi, ili watu wapunguze kuvuta na kunywa na wakati huohuo mapato yake yagharimie matibabu ya wasio na uwezo, ni la karibuni zaidi. Ufilipino ni mojawapo ya nchi ambako wazo hilo lilijaribiwa kwa upana, likapingwa vikali, na hatimaye likapita katika Seneti kwa tofauti ya kura moja. Historia ya ushuru huo katika visiwa hivyo ina zaidi ya miaka 200, na ugomvi ulioiandama katika vipindi vyake vyote haukuhusu kiwango cha ushuru peke yake, bali pia mahali fedha zilipokwenda baada ya kukusanywa.

Ukiritimba wa tumbaku na uasi wa basi

Hispania, iliyoitawala Ufilipino kuanzia karne ya 16, ilileta mbegu za tumbaku kutoka Mexico kwa merikebu zilizofanya biashara kati ya Acapulco na Manila, na kwa muda mrefu zao hilo lililimwa bila masharti. Mambo yalibadilika mwaka 1782, pale gavana José Basco y Vargas, aliyetaka koloni lijilipie gharama zake badala ya kutegemea ruzuku ya kutoka Mexico, alipoanzisha ukiritimba wa tumbaku, yaani utaratibu ambao serikali peke yake ndiyo yenye haki ya kununua zao, kulisindika na kuliuza. Katika mikoa iliyoteuliwa ya kisiwa cha Luzon, na hasa katika bonde la mto Cagayan, familia zilipangiwa kiasi cha kulima, zikalazimika kuiuzia serikali mavuno yote kwa bei iliyowekwa na serikali yenyewe, na maofisa wakapewa mamlaka ya kuingia majumbani kupekua majani yaliyofichwa. Majani yaliyonunuliwa yalipelekwa Manila, ambako maelfu ya wanawake waliajiriwa katika viwanda vya kusokota sigara, na mapato yake yakawa nguzo ya hazina ya koloni. Mkulima hakuuona utajiri huo, kwani hazina ilipoishiwa alilipwa kwa hati za ahadi badala ya fedha taslimu, na hati hizo zilikaa muda mrefu bila kulipwa. Ukiritimba huo ulidumu karne nzima, hadi ulipofutwa mwaka 1882.

Vileo navyo viliingizwa mkononi mwa serikali. Katika nchi ya Ilocos, kaskazini-magharibi mwa Luzon, wenyeji walitengeneza basi, pombe ya maji ya miwa ambayo huchemshwa, hutiwa majani na magome ya miti, kisha huachwa ichachuke katika mitungi ya udongo. Kinywaji hicho kilikuwa sehemu ya harusi, mazishi na matambiko, kwa hiyo amri ya kukataza utengenezaji wake majumbani, iliyowataka watu wainunue katika maduka ya serikali, iligusa mengi zaidi ya mfuko. Septemba 1807 watu wa mji wa Piddig waliasi, wakashika njia kuelekea Vigan, makao ya utawala, na wakashindwa vitani karibu na San Ildefonso kabla ya mwezi huo kwisha. Mwaka 1821 mchoraji Esteban Villanueva aliusimulia uasi huo katika picha 14 zilizohifadhiwa hadi leo mjini Vigan, ambamo mtazamaji huona safu za askari, waasi wakivuka mto, miili ya walionyongwa na, angani, nyota yenye mkia iliyoonekana mwaka ule.

Marekani, iliyoichukua Ufilipino mwaka 1898, haikurudisha ukiritimba, bali ilitunga sheria ya mapato ya ndani ya mwaka 1904 iliyotoza ushuru vileo na tumbaku, na jamhuri iliyopata uhuru mwaka 1946 ikaurithi utaratibu huo. Majina na mbinu vilibadilika, lakini fedha ziliendelea kuingia katika mfuko mkuu wa serikali, na mvutaji aliyezilipa hakuwa na namna ya kujua zilifanya kazi gani.

Ngazi nne zilizogandishwa

Hadi katikati ya miaka ya 1990, ushuru wa sigara nchini Ufilipino ulikokotolewa kwa asilimia ya bei ya kiwandani. Njia hiyo ina udhaifu unaofahamika vyema na wakusanya kodi, kwamba kiwanda kinaweza kukiuzia chombo cha biashara chenye uhusiano nacho kwa bei ya chini, chombo hicho kikauza sokoni kwa bei halisi, na ushuru ukabaki kukokotolewa kwa ile bei ya kwanza. Ili kuuziba mwanya huo, Sheria ya Jamhuri Na. 8240 ya mwaka 1996, iliyotungwa katika utawala wa Rais Fidel Ramos, ilileta ushuru mahsusi, yaani kiasi maalumu cha fedha kwa kila pakiti bila kujali mauzo yamefanyika kwa bei gani. Hata hivyo sheria hiyo haikuweka kiwango kimoja. Iliziweka sigara katika ngazi nne kulingana na bei halisi ya rejareja, yaani bei ya dukani baada ya kuondoa ushuru wa bidhaa na kodi ya ongezeko la thamani, na kuanzia mwaka 1997 pakiti ya sigara 20 ya ngazi ya chini ilitozwa peso 1 wakati ile ya ngazi ya juu ilitozwa peso 12.

Kasoro kubwa ilikuwa katika kiambatisho cha sheria. Chapa zilizokuwa sokoni ziliorodheshwa humo kwa ngazi zilizostahili kwa bei za mwaka 1996, na zikabaki katika ngazi hizo mwaka baada ya mwaka, hata bei zake zilipopanda na kupita mpaka wa ngazi. Chapa mpya, kwa upande wake, iliwekwa katika ngazi kulingana na bei ya siku ilipoingia sokoni. Matokeo yake ni kwamba pakiti mbili zilizouzwa kwa bei moja katika duka moja ziliweza kutozwa ushuru tofauti, kwa sababu tu moja ilizaliwa kabla ya nyingine. Kampuni ya British American Tobacco, iliyoingiza sigara za Lucky Strike mwaka 2001, ilijikuta ikitakiwa kulipa peso 13.44 kwa pakiti badala ya peso 8.96 baada ya mamlaka ya kodi kupima bei yake ya wakati huo, ikafungua kesi kudai kwamba utaratibu huo ulizilinda chapa kongwe kinyume cha usawa. Mwaka 2008 Mahakama ya Juu iliamua kwamba kuzigandisha ngazi hakukuvunja katiba, na suala hilo likarudishwa mikononi mwa Bunge.

Katika vileo vikali upendeleo ulikuwa wazi zaidi. Pombe iliyotengenezwa kwa miwa, minazi au mimea mingine iliyotajwa na sheria ilitozwa kiwango kimoja cha chini, ambacho mwaka 2011 kilikuwa peso 14.68 kwa lita ya kipimo cha ukali, ilhali pombe iliyotengenezwa kwa malighafi nyingine, kama shayiri au zabibu, ilitozwa kuanzia peso 158.73 hadi peso 634.90 kwa lita hiyohiyo. Kwa kuwa viwanda vya ndani vilitumia miwa na vinywaji vingi vya kutoka nje vilitumia nafaka na matunda, mgawanyo uliosema habari za malighafi ulifanya kazi ya kumtenga mgeni. Jumuiya ya Ulaya na Marekani zililishitaki jambo hilo katika Shirika la Biashara Duniani, na Desemba 2011 chombo cha rufani cha shirika hilo kikathibitisha kwamba Ufilipino ilikuwa imekosea, hivyo serikali ikalazimika kuirekebisha sheria yake ya vileo kabla ya Machi 2013.

Kabla ya hapo jaribio moja lilikuwa limefanyika. Sheria ya Jamhuri Na. 9334 ya mwaka 2004, katika utawala wa Rais Gloria Macapagal Arroyo, ilipandisha viwango kwa hatua na, kwa mara ya kwanza katika mlolongo huu, ikatenga asilimia 2.5 ya nyongeza ya mapato kwa bima ya afya na asilimia 2.5 nyingine kwa kinga ya magonjwa, kwa kipindi cha miaka 5. Fungu lilikuwa dogo na ngazi zilibaki zimegandishwa, lakini kamba ya kuunganisha pakiti ya sigara na hospitali ilikuwa imefungwa fundo lake la kwanza.

Uzito wa udhaifu wote huo unaonekana vizuri zaidi katika sigara moja. Mwaka 2012 pakiti ya ngazi ya chini ilitozwa peso 2.72, maana yake senti zisizofika 14 kwa sigara, na katika viduka vidogo vya mitaani, ambavyo Wafilipino huviita sari-sari, mtoto mwenye sarafu moja au mbili aliweza kununua sigara bila kulazimika kununua pakiti. Katika nchi ambako gharama za maisha zilikuwa zimepanda zaidi ya mara mbili tangu mwaka 1996, chapa zilizobaki katika ngazi za bei za mwaka huo zilitozwa chini ya ngazi iliyostahili bei zake mpya, bila mbunge yeyote kupiga kura ya kuzipunguzia ushuru.

Kutoka hoja ya mapato hadi hoja ya afya

Upande wa pili wa historia hii ni ule wa matibabu. Ufilipino ilianzisha bima ya taifa ya afya mwaka 1995 chini ya shirika la PhilHealth, ambalo wanachama wake walioajiriwa huchangia kutoka katika mishahara yao, na maskini walitakiwa kulipiwa na serikali kuu pamoja na serikali za mitaa. Kwa kuwa ulipaji huo ulitegemea uwezo na utashi wa kila halmashauri, kaya nyingi maskini zilibaki nje ya bima au ziliingia mwaka wa uchaguzi na kutoka baada yake, na miaka 15 baadaye zaidi ya nusu ya gharama zote za matibabu nchini bado zilitoka moja kwa moja mifukoni mwa wagonjwa na ndugu zao.

Benigno Aquino III alichaguliwa kuwa rais mwaka 2010 kwa ahadi ya kupambana na rushwa na ya kutoweka kodi mpya, na yeye mwenyewe alijulikana kuwa mvutaji wa sigara. Mambo hayo mawili yalifanya ushuru wa tumbaku kuwa jambo gumu kwake, na serikali ilijitetea kwa kusema kwamba haikuwa inaanzisha kodi bali inaitengeneza iliyokuwapo. Waziri wa Fedha Cesar Purisima na kamishna wa mapato ya ndani Kim Henares walilishughulikia suala hilo pamoja na Waziri wa Afya Enrique Ona, na ushirikiano huo haukuwa wa kawaida, kwa sababu katika miaka iliyotangulia wizara ya fedha ilitafuta mapato peke yake huku wizara ya afya ikitoa maonyo yasiyo na nguvu ya sheria.

Nje ya serikali, taasisi ya Action for Economic Reforms ilifanya hesabu za viwango na mapato, na madaktari wakazieleza hesabu hizo kwa lugha ya wodini. Pamoja nao walijitokeza wanachama wa chama cha watu waliopoteza sauti kwa saratani ya koo, ambao huzungumza kwa msaada wa kifaa kidogo kinachogusishwa shingoni na kutoa sauti ya kimashine. Hoja iliyojengwa na kundi hilo ilikuwa na sehemu mbili zisizotenganishwa, kwamba ushuru mkubwa utawazuia vijana kuanza kuvuta, na kwamba kila peso itakayopatikana kwa wale wasioacha itamlipia bima maskini. Hivyo jina la “kodi ya dhambi”, ambalo watu walikuwa wakilitumia kwa kejeli, likageuzwa kuwa jina la sera ya afya.

Wapinzani nao walikuwa na hoja nzito. Mwaka 2010 kampuni ya Philip Morris iliunganisha shughuli zake za Ufilipino na zile za Fortune Tobacco, kampuni ya mfanyabiashara Lucio Tan, na muungano huo ukashika zaidi ya asilimia 90 ya soko la sigara, kwa hiyo kila ongezeko la ushuru liligusa kampuni moja yenye nguvu kubwa. Wabunge wa mikoa ya kaskazini walisema kwamba wakulima wa tumbaku wa Ilocos na Cagayan wangekosa soko, wengine wakaonya kwamba sigara za magendo zingejaa, na wengine wakauliza kwa nini mzigo uwekwe juu ya sigara ya bei nafuu, ambayo ni ya mtu wa chini. Swali hilo la mwisho lilikuwa gumu zaidi, kwa maana ni kweli kwamba maskini hutumia sehemu kubwa zaidi ya kipato chake katika tumbaku kuliko tajiri. Jibu la watetezi lilikuwa kwamba maskini huyohuyo ndiye anayeugua bila bima, na kwamba mzani wa haki usipimwe kwa kodi inayotoka peke yake, bali kwa kodi inayotoka na huduma inayorudi.

Kura kumi kwa tisa

Muswada ulioletwa na mbunge Joseph Emilio Abaya ulipita katika Baraza la Wawakilishi Juni 2012, baada ya makadirio ya nyongeza ya mapato kupunguzwa kutoka takriban peso bilioni 60, ambazo serikali ilizitaka mwanzoni, hadi karibu nusu yake. Katika Seneti, kamati ya kodi iliyoongozwa na Ralph Recto ilitoa taarifa iliyozipunguza zaidi, hadi karibu bilioni 15, na baada ya lawama nyingi Recto alijiuzulu uenyekiti wa kamati hiyo Oktoba 2012, nafasi yake ikachukuliwa na Franklin Drilon. Desemba 11, 2012 taarifa ya mwisho, iliyopatanisha miswada ya mabaraza mawili, ilipitishwa na maseneta 10 dhidi ya 9, na kabla ya mwezi kwisha Rais Aquino akaitia sahihi Sheria ya Jamhuri Na. 10351.

Sheria hiyo ilifanya mambo matatu. Kwanza, ilifuta ngazi zilizogandishwa na kuweka ngazi mbili tu za sigara, ambazo zingesogeleana mwaka hadi mwaka, kwamba pakiti ya bei ya chini ingepanda kutoka peso 2.72 hadi peso 12 mwaka 2013 na peso 25 mwaka 2016, kisha mwaka 2017 sigara zote zingetozwa peso 30 na baada ya hapo kiwango kingeongezeka kwa asilimia 4 kila mwaka bila kusubiri kura nyingine ya Bunge. Pili, iliondoa tofauti ya malighafi katika vileo vikali, jambo lililomaliza shauri la Shirika la Biashara Duniani, na ikapanga bia nayo ifikie kiwango kimoja cha peso 23.50 kwa lita mwaka 2017. Tatu, ilieleza kazi ya fedha. Asilimia 15 ya nyongeza ya mapato ya tumbaku ilikwenda katika mikoa inayolima zao hilo, na katika kilichobaki, asilimia 80 ikawa ya bima ya afya ya maskini na mipango ya kinga, na asilimia 20 ikawa ya misaada ya matibabu na kuboresha hospitali na zahanati.

Sehemu hiyo ya tatu ndiyo iliyoipa sheria umbo lake. Kuzitenga fedha kwa kazi maalumu ni jambo ambalo wachumi wengi wa wizara za fedha hawalipendi, kwa sababu linaifunga mikono bajeti, lakini katika Ufilipino bila kifungo hicho isingewezekana kumwambia mbunge anayesitasita ni kaya zipi katika jimbo lake zingepata kadi ya bima.

Fedha zilivyofika wodini

Makadirio ya mwaka wa kwanza yalikuwa nyongeza ya takriban peso bilioni 34, na makusanyo ya mwaka 2013 yaliyazidi, kwani jumla ya ushuru wa tumbaku na vileo ilivuka peso bilioni 100. Bajeti ya afya, ambayo mwaka 2012 ilikuwa takriban peso bilioni 42, ilifikia bilioni 84 mwaka 2014 na karibu bilioni 123 mwaka 2016. Kaya maskini zilizolipiwa bima na serikali kuu ziliongezeka kutoka takriban milioni 5.2 hadi milioni 14.7 mwaka 2014, na majina yao hayakutoka tena mezani kwa mkuu wa halmashauri bali katika orodha ya taifa ya kaya maskini. Novemba mwaka huohuo sheria nyingine iliwaingiza katika bima wazee wote wenye miaka 60 na zaidi.

Kadi hiyo ilikuwa na maana gani mbele ya dirisha la malipo inaelezwa na kanuni iliyoanza kutumika mwaka 2011, ambayo ilikataza hospitali ya serikali kumdai mgonjwa maskini mwenye bima kiasi chochote juu ya kile kinacholipwa na PhilHealth. Kanuni ilikuwapo kabla ya ushuru mpya, lakini iliwafaa wachache waliokuwa na kadi. Ushuru uliwaongeza wenye kadi, na hivyo ukaipa kanuni hiyo watu wa kuihudumia. Haikutekelezwa sawasawa kila mahali, kwa kuwa dawa zilipokosekana hospitalini ndugu wa mgonjwa walitumwa kuzinunua nje kwa fedha zao.

Katika uvutaji wenyewe, utafiti wa kitaifa wa matumizi ya tumbaku kwa watu wa kuanzia miaka 15 ulionyesha kwamba watumiaji walipungua kutoka asilimia 29.7 mwaka 2009 hadi asilimia 23.8 mwaka 2015 na asilimia 19.5 mwaka 2021. Ushuru haukufanya kazi hiyo peke yake, kwani picha za maonyo kwenye pakiti na marufuku ya kuvuta mahali pa umma vilichangia, lakini bei ndiyo iliyomfikia hata yule asiyesoma maonyo.

Mianya na nyongeza

Onyo la magendo halikuwa la uongo kabisa. Kampuni ya ndani ya Mighty, ambayo kabla ya mwaka 2013 ilikuwa ndogo, ilipanuka haraka kwa kuuza sigara za bei ya chini mno, na serikali, iliyoanza kubandika stempu za kodi kwenye pakiti mwaka 2014, iliishitaki mwaka 2017 kwa kutumia stempu za kughushi. Shauri hilo lilimalizwa kwa kampuni kulipa takriban peso bilioni 30, na biashara yake ikanunuliwa na kampuni ya Japan Tobacco. Mwaka huohuo Baraza la Wawakilishi liliuchunguza mkoa wa Ilocos Norte kuhusu ununuzi wa magari kwa fedha za ushuru wa tumbaku, uchunguzi uliokumbusha kwamba fungu lililotengewa wakulima linahitaji macho kama linavyohitaji fungu la wagonjwa.

Ushuru uliendelea kupanda hata baada ya utawala kubadilika. Katika kipindi cha Rais Rodrigo Duterte, sheria za mwaka 2017, 2019 na 2020 ziliongeza viwango vya sigara, vileo na sigara za kielektroniki na kuingiza vinywaji vyenye sukari, na Sheria ya Afya kwa Wote ya Februari 2019 ikatamka kwamba kila Mfilipino ni mwanachama wa bima. Pakiti ya sigara ilifikia peso 60 mwaka 2023, na kuanzia mwaka 2024 kiwango kikaongezeka kwa asilimia 5 kila mwaka, hivyo sigara moja iliyolipiwa senti zisizofika 14 mwaka 2012 ikawa inalipiwa zaidi ya peso 3.

Fungu lilipoguswa

Mwaka 2024 serikali ilidai kwamba PhilHealth ilikuwa na akiba isiyotumika, na kwa kutumia kifungu kilichowekwa katika sheria ya bajeti ya mwaka huo ikaagiza peso bilioni 89.9 zihamishiwe hazina kuu kwa ajili ya miradi mingine. Bilioni 60 zilikuwa zimekwisha kuhamishwa pale Mahakama ya Juu ilipozuia sehemu iliyobaki, Oktoba 2024, na mwishoni mwa mwaka 2025 mahakama hiyo ikatamka kwamba uhamisho ulikuwa batili na fedha zirudishwe. Kati ya maamuzi hayo mawili, Bunge lilipitisha bajeti ya mwaka 2025 bila ruzuku yoyote kwa PhilHealth, kwa maelezo kwamba akiba iliyokuwapo ingetosha.

Maelezo hayo yana swali ndani yake. Akiba ya bima huongezeka kwa njia mbili, ama kwa sababu wanachama wamepata matibabu yote wanayostahili na fedha zikabaki, au kwa sababu kiwango kinacholipwa hospitalini ni kidogo mno na mgonjwa anaijaza tofauti kwa fedha zake. Katika nchi ambako mgonjwa bado anabeba sehemu kubwa ya gharama, fedha zilizolala katika mfuko si ziada, bali ni deni ambalo halijalipwa.

Jambo hili lina maana katika Afrika Mashariki pia, ambako njia hiyohiyo imeanza kufuatwa. Sheria ya Uganda ya mwaka 2014 kuhusu VVU na UKIMWI ilitenga asilimia 2 ya kodi za bia, pombe kali, vinywaji baridi na maji ya chupa kwa mfuko wa UKIMWI, na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya Tanzania ya mwaka 2023 inataja ushuru wa vileo na vinywaji baridi miongoni mwa vyanzo vya kuwalipia wasio na uwezo.

Historia ya Ufilipino inaonyesha kwamba kupandisha ushuru wa tumbaku na vileo kunawezekana hata mbele ya kampuni iliyoshika karibu soko zima, ilimradi wananchi waoneshwe kazi ya fedha hizo. Inaonyesha pia kwamba kifungu cha kutenga fedha hakijilindi chenyewe, kwa kuwa kinachoandikwa katika sheria ya kodi huweza kutenguliwa na mstari mmoja wa sheria ya bajeti. Wakulima wa Cagayan waliolipwa kwa hati za ahadi waliijua tofauti ya ahadi na malipo, na wananchi wenzao wa karne hii wamejifunza somo hilohilo: mwaka 2025 kila pakiti ya sigara nchini Ufilipino ilitozwa ushuru wa peso 66.15, na mwaka huohuo bajeti ya taifa haikuitengea bima ya afya ruzuku ya hata peso moja.